Sinema kwenye Kitambaa cha Misiba

Vijana, kabla hamjawasha mashine ya ukumbini, teremsheni kwanza kitambaa. Kiacheni kining'inie mpaka mikunjo iishe, ndipo mshughulike na mengine. Picha nzuri kwenye kitambaa chenye mikunjo ni picha mbaya. Hilo ndilo fundisho la kwanza nililopewa katika kazi hii, na ndilo lililotuletea kizaazaa ninachotaka kuwasimulia, kwa sababu nasikia ninyi mliokabidhiwa mashine mnahadithiana habari ile nusu nusu, tena kwa Kiingereza. Isomeni hapa kwa Kiswahili. Najua mnakielewa hata mnapojifanya hamkielewi.

Nilionyesha sinema katika kumbi za Toronto tangu nilipokuwa na umri wenu mpaka mitambo ilipoanza kujiendesha yenyewe, nikaambiwa niende nyumbani kabla nywele hazijamaliza kuwa nyeupe. Chuo cha kazi hiyo sikupita. Nilikuwa nafagia ukumbi, na jioni nasoma vitabu vya mitambo katika maktaba ya mtaani kwetu, chini ya maghorofa ya St. James Town, nikichora kila gurudumu na njia ambayo filamu inapita. Aliyenifungulia mlango wa chumba cha mashine alikuwa Mreno mmoja mzee, Amadeu, ambaye hakuniuliza vyeti. Aliniuliza, "Mikono yako inatoka jasho?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi ingia."

Enzi zile filamu ilikuwa kitu unachokishika. Ilifika kwenye makopo, vipande vipande, nasi tunaviunganisha kwa utepe wa gundi na kuvizungusha juu ya sinia kubwa la chuma. Wakati wa baridi hewa ya chumba hukauka, filamu inapata umeme wa msuguano, inajishika yenyewe kama nguo za nailoni. Dawa ya Amadeu ilikuwa birika la maji linalochemka pembeni. Siku moja nilisahau birika. Katikati ya onyesho filamu ikajisokota kwenye sinia, ikawa kama kiota cha ndege, na ukumbi ukaingia giza. Mimi nikaanza kufungua mafundo. Amadeu akanishika bega. "Hiyo baadaye," akasema. "Nenda kawaambie watu. Ukimwacha mtu gizani bila neno, anajitungia filamu yake, na hiyo ya kwake ni mbaya kuliko yoyote tuliyonayo hapa."

Nimelifuata neno hilo miaka yote na limenisaidia. Lakini Amadeu hakuwajua watu wetu. Yako mambo ambayo kadiri unavyowaambia, ndivyo wanavyozidi kujitungia.

Mnamkumbuka Padri Fintan, ingawa wengine mlikuwa wadogo. Alizaliwa kijijini huko Ayalandi, akakaa Kagera miaka mingi, kisha akaletwa huku Scarborough, mashariki mwa Toronto, kutusomea misa ya Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kihaya kuliko ya Wahaya wenyewe. Aliona jambo ambalo sisi tulikuwa tumelizoea: baada ya misa wazee wanabaki ukumbini na chai, vijana wanabaki koridoni na simu, na mwaka hadi mwaka hao wa koridoni wanapungua. Akaja na wazo la sinema. Filamu ya Kiswahili, ya kuchekesha, watu wote wakae pamoja wacheke kitu kimoja.

Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Gaudensi, mtu wa Bukoba, mkali, aliyekuwa akisahihisha hata namna watu wanavyopiga magoti. Alikataa.

"Padri, kanisani tunakuja kusali."

"Ni ukumbini, mzee, si kanisani," Padri akasema. "Kijijini kwetu paroko alileta mashine nikiwa mdogo, akaiweka kwenye ghala la viazi. Wazee walikuja na nguo za misa. Taa zilipozimwa wakapiga magoti."

"Na wale wa kwenye picha walipoanza kubusiana?"

"Walibaki wamepiga magoti, wakafunika macho kwa mikono. Ila vidole vilikuwa vimeachana."

Wazee wakacheka. Mzee Gaudensi hakucheka, lakini alikubali kwa sharti: tufanye mara moja, na ikileta vurugu, neno sinema lisitajwe tena pale. Akaongeza kwamba wazee watakaa mstari wa mbele kukagua. Mimi nikaombwa niendeshe mashine.

Sasa hapa inabidi niwaeleze vitu viwili, maana mmekulia huku.

Cha kwanza ni kitambaa chenyewe. Hakikununuliwa kwa ajili ya sinema. Jumuiya ilikinunua baada ya misiba kufuatana nyumbani, watu wengi wakiwa hawawezi kusafiri: mwingine hana nauli, mwingine hana makaratasi ya kumrudisha Kanada akitoka. Basi ndugu wakawa wanarusha maziko kwa simu, sisi tunayatazama ukumbini, tunalia pamoja na waliopo kaburini. Tangu kifungwe pale darini, kitambaa kile hakikuwahi kuteremka ila mtu amekufa.

Cha pili ni namna tunavyopeana habari za kifo. Kwetu mtu haambiwi akiwa peke yake, wala haambiwi kwenye simu. Anaitwa kwa jambo lingine, anafuatwa nyumbani, anakalishwa katikati ya watu, ndipo mtu mzima anamwambia. Ni heshima na ni huruma. Kila mmoja wetu ameshadanganywa hivyo, na ameshamdanganya mwenzake hivyo.

Jumapili yenyewe theluji ilianguka tangu alfajiri. Niliteremsha kitambaa mapema, kabla ya misa kwisha, nikapanga spika, nikaenda kukaa kiti kibaya kuliko vyote, kile cha nyuma kando ya nguzo, nione kama anayekaa pale ataona. Fanyeni hivyo kila mara. Mafundi wengi hujaribu picha wakiwa wamesimama kwenye mashine, mahali ambapo hakuna mtazamaji anayekaa.

Watu wakaanza kuingia. Kina mama walileta masufuria ya pilau na chupa za chai. Wazee wakakaa mbele, kimya, makoti mapajani. Ndipo akaingia Mama Devota.

Mama Devota alikuwa mlezi wa wagonjwa majumbani, na wiki hiyo mama yake, Bibi Leokadia, alikuwa amelazwa hospitali huko Bukoba kwa ajili ya presha, akaruhusiwa kurudi kijijini. Devota hakuweza kwenda kumwona. Ombi lake la kuishi Kanada lilikuwa bado halijajibiwa, na mwanasheria alimwambia akitoka asitegemee kurudi. Siku hiyo alikuwa hakuja misa kwa sababu ya zamu. Rafiki yake Mama Asimwe alimpitia kazini kwa gari, yeye na wenzake wawili, na kumwambia twende kwenye sinema.

Nilimwona kutoka kwenye mashine. Alitazama kitambaa. Akatazama masufuria. Akatazama mstari wa wazee. Padri Fintan akamwendea na suti yake nyeusi, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwa upole, "Pole sana, mama. Pole kwa mama."

Devota akavua viatu vya theluji. Akafungua kitambaa cha kichwani, akajifunga kiunoni, akaenda kuketi sakafuni, chini kabisa ya kitambaa kikubwa.

"Amekufa saa ngapi?" akauliza.

"Nani?" Padri akasema.

"Padri, usinifanye mtoto. Mama yangu amekufa saa ngapi?"

Mama Asimwe alikimbia mpaka pale. "Devota! Hakuna aliyekufa! Tumekuja kwenye sinema!"

"Sinema." Devota alisema bila kupandisha sauti. "Tangu lini unanifuata kazini kwa gari?"

"Theluji, mwenzangu! Ningekuacha kituo cha basi?"

"Baba alipokufa uliniambia twende tukakate keki ya kipaimara. Hiyo keki iko wapi mpaka leo?"

Ilikuwa kweli. Mama Asimwe alisema hivyo.

Wanawake waliochelewa wakaingia wakati huo, wakamwona Devota sakafuni chini ya kitambaa, na hawakuuliza. Mmoja aliangusha mkoba, akaanza kulia, "Jamani, Bibi Leokadia!" Wengine wakapokea. Wale waliojua kwamba hakuna msiba wakaanza kutazamana, kila mmoja akijiuliza kama yeye ndiye aliyefichwa.

Nikakumbuka la Amadeu. Nikashika kipaza sauti, nikasema wazi: "Ndugu zangu, hakuna msiba. Tunaonyesha filamu ya kuchekesha, ya fundi cherehani." Mnadhani ilisaidia? Mzee mmoja akanitikisia kichwa kwa huzuni, kama anayesema, umejitahidi kijana.

Msichana mmoja wa rika lenu akanijia, akasema niiwashe tu filamu, akiiona ataamini. Nikaona ana akili. Nikaiwasha. Bahati mbaya filamu ile ilianza na harusi: matarumbeta, vigelegele, watu wanacheza. Devota akageuka kunitazama.

"Zima," akasema. "Hata huruma hamna?"

Nikazima. Ikabaki nuru nyeupe tupu juu ya kichwa chake.

Mzee Gaudensi akasimama. "Padri, nilikwambia. Kitambaa hiki kina kazi yake. Fundi, kipandishe."

"Mkikipandisha," Devota akasema, "nitajua mnaogopa nisione."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe. Nikautoa.

Mzee Gaudensi akaja mpaka mezani kwangu, akainama. Sauti ilikuwa imebadilika. "Fundi, wewe umekuwa na Padri tangu asubuhi. Kuna jambo?"

"Sijui lolote, mzee."

"Suala la sinema tuliache. Nakuuliza kama mtu na mtu."

"Sijui."

Lakini sasa nami nikaanza kufikiri. Kwa nini Padri alisisitiza iwe Jumapili hii? Kwa nini alisema pole kwa namna ile? Nikamwendea, na nikamuuliza kwa sauti ya chini kama amepokea simu yoyote kutoka Bukoba. Akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Na wewe pia?" akasema.

Hapo tukaelewa kwamba kilichobaki ni kimoja tu, kumpata Bibi Leokadia mwenyewe. Devota alipiga simu ya mdogo wake Edina, anayeishi na mama yao. Sauti ya mashine ikajibu: mteja wa namba unayopiga hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Ikajibu vilevile. Ujumbe ukaenda ukabaki na tiki moja.

"Wamezima," Devota akasema. "Siku ya baba walizima hivihivi."

"Kule ni usiku, wamelala," Padri akasema.

"Ndiyo, Padri. Wamelala."

Mzee Gaudensi akasema anayo namba ya Onesmo, katekista wa kijiji kile, jirani yao. Akapiga, na ili Devota aamini kwamba hafichwi, akaweka sauti ya nje. Onesmo akapokea.

"Mzee Gaudensi! Usiku huu? Kuna nini?"

"Tunamuulizia Bibi Leokadia."

"Mmesikia nini?"

"Hatujasikia kitu. Tunauliza tu hali yake."

"Mnauliza tu. Kutoka Kanada. Saa hizi."

"Onesmo, umemwona lini?"

"Sasa... leo kwenye rozari hakuja." Tukasikia kitanda kinalia. "Ngoja nivae viatu niende. Nitawapigia kwa picha. Ila mzee, sikiliza, msimwambie Devota kitu chochote kwanza."

Simu ikakatika. Mzee Gaudensi alibaki ameishika mbele ya uso kama kioo. Devota aliitazama sakafu kati ya miguu yake, mikono juu ya magoti, wala hakuwa analia, na nilitamani alie.

Watu wakaanza kusogea kuizunguka ile simu. Nikaona litakalotokea: picha itakuja kwenye kioo kidogo, watasukumana kuiona, atakayeona kwanza atapiga yowe, na Devota atajua kwa yowe la mtu mwingine. Kazi niliyofanya maisha yangu yote ni watu kuona wakati mmoja. Nikachukua waya, nikamwomba Mzee Gaudensi simu.

"Usiunganishe," akasema. "Kama ni msiba, umwonyeshe ukutani mkubwa hivyo?"

Padri naye akanitazama. "Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Devota ndiye aliyejibu, akiwa bado anatazama sakafu. "Unganisha. Baba nimemzika hapohapo."

Nikaunganisha, nikafungulia na spika. Tukangoja. Simu ilipoita, ilivuma ukumbi mzima, watu wakaruka. Nikapokea.

Kitambaa kilikuwa cheusi. Kulikuwa na hatua kwenye majani, pumzi za mtu anayetembea haraka, mbwa anabweka. "Ndiyo nafika," sauti ya Onesmo ikasema. Kisha mlango ukagongwa. "Hodi! Hodi hapa!" Komeo likavutwa, kukatokea mwanga wa tochi na uso wa Edina, macho yametoka. Alimwona katekista mlangoni usiku, simu mkononi, na kwenye simu watu wamejaa ukumbini Kanada.

Edina akapiga yowe.

Ukumbi wetu ukaitikia. Mama Asimwe alianguka magotini. Mzee Gaudensi alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili, na ninachokumbuka ni kwamba Devota hakutingishika. Aliinua uso tu na kutega sikio, kwa sababu ndani ya yowe lile kulikuwa na sauti nyingine, ya mbali, ya ndani ya nyumba, yenye hasira.

"Edina! Unampigia nani kelele? Nani amekufa?"

"Mama," Devota akasema.

Picha ikayumba, ikapita ukutani, ikapita kwenye chandarua, ikatua juu ya uso wa Bibi Leokadia, mkubwa kutoka darini mpaka sakafuni, kilemba kimekaa upande.

"Devota? Mbona umekaa chini? Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa, mama."

"Usinifiche. Umejifunga kiunoni. Ni nani? Ni Padri? Padri Fintan amekufa?"

Padri akakimbia mpaka mbele ya simu. "Niko hapa, mama! Niko hai!"

"Mbona umevaa nyeusi?"

"Mimi huvaa nyeusi siku zote, mama!"

"Hebu sogea nikuone. Umekonda. Hawakupi ndizi huko?"

Sijawahi, katika kumbi zote nilizofanya kazi, kusikia kicheko kama kile. Watu walicheka huku machozi yanatoka, na baadhi yao, nadhani, walikuwa wanalia tu. Devota alikuwa amesimama, viganja viwili amevibandika kwenye kitambaa, kwenye mashavu ya mama yake. Kitambaa hakipaswi kuguswa kwa mikono, kinashika mafuta. Sikumwambia.

Ikabidi Bibi Leokadia aelezwe. Alipoelezwa kwamba sababu ya yote ni sinema, akakiweka sawa kilemba chake.

"Sinema ya nini?"

"Ya fundi cherehani," Padri akasema. "Amewashonea mabwana harusi wawili suti moja."

"Basi waonyeshe. Mmeshaniamsha."

Mzee Gaudensi aliangalia saa, akamwangalia Padri, akamwangalia bibi. Kisha akavuta kiti chake, akakiweka mbele, akaiegemeza simu yake hapo kwa kitabu cha nyimbo ili bibi aone, na yeye mwenyewe akahamia kwenye benchi. Devota akakaa karibu na kiti kile. Ninyi mkaitwa kutoka koridoni. Nikaondoa picha ya simu kwenye kitambaa, nikaanza filamu upya, na safari hii matarumbeta yalipolia Bibi Leokadia alipiga kigelegele kutoka Bukoba.

Alitazama vizuri sana mwanzoni. Alimkaripia yule fundi, alimwonya bibi harusi, alimuuliza Onesmo kwa nini asikae. Baadaye maneno yakapungua. Fundi cherehani alipokuwa anakimbizwa na bwana harusi wa pili, ikaanza kusikika sauti nyingine kwenye spika, nzito, ya kuvuta na kuachia. Alikuwa analala. Sikuwa nimeondoa simu kwenye sauti ya ukumbi, na sasa alikuwa anakoroma juu ya filamu yote.

Kwa fundi, sauti mbili ndani ya ukumbi mmoja ni aibu. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe cha simu kabla sijafikiri.

"Fundi," Devota akasema, bila kugeuka. "Mwache."

Nikamtazama Mzee Gaudensi, maana bado alikuwa mwenyekiti, na sharti lake lilikuwa bado lipo. Naye hakugeuka. Alikuwa ameegemea mbele kuelekea kile kiti chenye simu, kiganja nyuma ya sikio.

"Punguza hiyo sinema kidogo," akasema. "Tusikie vizuri."

Nikapunguza.